Matuta ya Grand-Pré na Watu Waliotawanywa

Mtu wa pwani hahitaji kufundishwa maana ya kupwa na kujaa. Hapa kwetu, bamvua likiwa kubwa, maji hupanda na kushuka kwa kiasi cha mita nne hivi, na kiasi hicho chatosha kuamua lini mvuvi atoke, lini wanawake washuke mwambani kutafuta pweza, na lini chombo kiingie bandarini. Basi na tuiwazie bahari ambayo maji yake, mahali pengine, hupanda na kushuka kwa mita 16 mara mbili kila siku. Hiyo ndiyo Ghuba ya Fundy, iliyoko mashariki mwa Kanada, nayo hutajwa kuwa mahali penye kupwa na kujaa kukubwa kuliko kote duniani. Maji yakitoka, huacha nyuma uwanda wa tope jekundu usio na mwisho machoni. Yakirudi, hurudi kwa kasi, yakimeza kila kilichosahauliwa njiani.

Kando ya ghuba hiyo pana kijiji kiitwacho Grand-Pré, jina la Kifaransa lenye maana ya malisho makubwa. Kutoka mji wa Halifax, safari ya gari ya kama saa moja kuelekea kaskazini-magharibi hutufikisha huko, tukipita misitu na mashamba ya matufaha. Tukisimama kwenye mwinuko ulio juu ya kijiji, twaona mbele yetu mashamba yaliyonyooka kama mkeka uliotandikwa, kisha tuta refu la udongo lililoota nyasi, kisha maji, na ng'ambo ya maji rasi ya Blomidon ikisimama kama mlinzi. Mandhari ni tulivu mno. Mgeni asiyejua habari zake angedhani kuwa hapa hakijawahi kutokea lolote zaidi ya kupanda na kuvuna.

Lakini tuta lile si la kawaida. Mashamba yaliyo nyuma yake yako chini kuliko kina cha bahari inapojaa. Lau tuta lingekosekana, kila bamvua lingeyafunika. Ardhi ile iliwahi kuwa sehemu ya bahari, na waliyoitoa baharini ni watu ambao baadaye walipakiwa melini wakatolewa ndani yake kwa nguvu.

Watu hao ni Waakadia. Wazee wao walitoka magharibi mwa Ufaransa. Wafaransa walianza kukaa katika pwani hizo mwaka 1604, na mwaka uliofuata wakajenga makao yao Port-Royal. Familia zenye wake na watoto zilianza kufika miaka ya 1630, na nchi yao ikaitwa Akadia. Katika miaka ya 1680, baadhi ya vijana wao walihamia Grand-Pré wakitafuta ardhi mpya.

Ardhi haikuwa bila wenyewe. Watu wa Mi'kmaq walikuwa wakiishi huko kwa maelfu ya miaka, wakivua, wakiwinda, na kuzijua njia zote za mito. Haifai kuisimulia habari ya Waakadia kana kwamba walikuta nchi tupu. Nao walikuwa walowezi. Hata hivyo, ujirani wao na wenyeji haukufanana na ule ulioonekana katika makoloni mengi. Walifanya biashara pamoja, wengine wakaoana, na wageni wakajifunza kwa wenyeji namna ya kuishi katika baridi kali. Sababu moja ya ujirani huo kudumu ni kwamba Waakadia hawakuikata sana misitu ya wenyeji. Mashamba yao waliyatafuta kwenye vinamasi vya maji ya chumvi.

Namna walivyofanya ni ya kustaajabisha. Walikata mabonge ya udongo yenye mizizi ya nyasi za chumvi, wakayapanga moja juu ya jingine hadi tuta likawa refu kuliko bamvua. Mahali ambapo kijito kilipita chini ya tuta, walilaza mfereji wa mbao wenye kilango kilichoning'inia kwa bawaba, nao waliuita aboiteau. Maji yakipwa, maji matamu ya mvua yalikisukuma kilango na kutoka kwenda baharini. Maji yakijaa, bahari yenyewe ilikisukuma kilango kikajifunga, isiweze kupita. Hakukuwa na mlinzi wala ufunguo. Baada ya hapo walingoja miaka miwili, mitatu, au zaidi, hadi mvua ioshe chumvi yote udongoni. Ndipo walipopanda ngano, wakavuna mavuno mazuri ajabu.

Kazi ya namna hiyo haifanywi na mtu mmoja. Tuta likibomoka mahali pamoja, hufurika kwa wote. Kwa hiyo jirani alilazimika kumjali jirani, na ndoa zikaziunganisha koo hadi kijiji kizima kikawa kama nyumba moja. Hata majina yao yalikuwa ya nasaba. Waakadia humtaja mtu kwa jina lake, kisha la babake, kisha la babu yake, kama sisi tunavyosema fulani bin fulani bin fulani. Mtu aliyetajwa hivyo hakuhitaji kitambulisho kingine.

Balaa lilitoka mbali. Uingereza na Ufaransa zilikuwa zikiwania bahari na mabara, na Akadia ilikuwa katikati ya njia: kusini yake makoloni ya Waingereza, kaskazini yake Kanada ya Wafaransa. Nchi ilipokonywa na kurudishwa mara kadhaa. Mwaka 1710 Waingereza waliiteka Port-Royal, na mwaka 1713, kwa Mkataba wa Utrecht uliotiwa saini ng'ambo ya bahari, Akadia ya bara ikawa mali ya mfalme wa Uingereza. Wafaransa walibaki na visiwa vya jirani, wakajenga ngome kubwa ya Louisbourg. Wakulima wa Grand-Pré waliamka wakiwa raia wa mfalme mwingine bila kusogea hata hatua moja.

Watawala wapya walitaka kiapo cha utii. Waakadia hawakukikataa kiapo chenyewe; waliogopa sharti lililokuwa ndani yake. Aapaye kwa mfalme huweza kuitwa kubeba silaha kwa ajili ya mfalme, na wao hawakutaka kupigana na Wafaransa waliokuwa damu yao, wala na watu wa Mi'kmaq waliokuwa majirani zao. Isitoshe, walikuwa Wakatoliki, na walihofia dini yao ichini ya serikali ya Kiprotestanti. Hatimaye, mwaka 1730, Gavana Richard Philipps alipata viapo vyao baada ya kuwaahidi kwa mdomo kwamba hawatalazimishwa kupigana. Tangu hapo wakajulikana kuwa Wafaransa wasioegemea upande. Ahadi ile haikuandikwa ndani ya kiapo kilichopelekwa London. Yaliyosemwa kwa mdomo yalibaki kuwa maneno, na yaliyoandikwa yakawa sheria.

Kwa muda wa kizazi kimoja waliishi kwa amani, wakaongezeka, wakanenepesha ng'ombe. Kisha mambo yakabana. Mwaka 1749 Waingereza walianzisha mji wa Halifax, wakaleta walowezi wao wapatao 2,500. Ngome zikajengwa pande zote mbili. Mwezi wa Juni 1755 majeshi ya Uingereza yaliiteka ngome ya Kifaransa ya Beauséjour, na ndani yake wakakutwa Waakadia wapatao mia mbili au zaidi wakiwa na silaha. Waliokutwa walisema walilazimishwa na Wafaransa. Lakini Charles Lawrence, aliyekuwa akitawala Halifax, aliona amepata ushahidi alioutafuta. Aliwaita wajumbe wa vijiji, akawataka waape bila sharti lolote. Walipokataa, yeye na baraza lake wakaamua, tarehe 28 Julai 1755, kwamba watu wote wa Akadia waondolewe na kutawanywa katika makoloni ya Waingereza. Walitakiwa kutawanywa, wasipelekwe pamoja mahali pamoja, ili wasiweze tena kuwa umma.

Kazi ya Grand-Pré alipewa Luteni Kanali John Winslow wa Massachusetts. Alitua na askari wake, akaligeuza kanisa la kijiji kuwa boma lake, akangoja wakulima wamalize kuvuna. Kisha akatoa tangazo: wanaume wote, wazee kwa vijana, na watoto wa kiume kuanzia umri wa miaka kumi, wafike kanisani Ijumaa tarehe 5 Septemba, saa tisa alasiri, wasikie maagizo ya mfalme. Walifika wanaume na wavulana 418. Milango ikafungwa. Winslow akawasomea kwamba ardhi yao, nyumba zao na mifugo yao yote imekuwa mali ya Taji, na kwamba wao wenyewe wataondolewa nchini. Waliruhusiwa kuchukua fedha zao na vyombo vya nyumbani kadiri meli zingebeba. Winslow aliandika katika shajara yake kwamba kazi ile ilikuwa kinyume cha tabia yake. Hata hivyo aliifanya, tena kwa utaratibu, na orodha ya majina aliyoiandika ipo hadi leo.

Hapa ndipo wanawake wanapoingia katika habari, na ndipo sisi twaona uzito wake. Waume na wana walikuwa wamefungiwa kanisani; meli zilikuwa bado hazijatosha. Kwa wiki kadhaa ni wake na mama waliowapikia wafungwa na kuwapelekea chakula, wakaangalia mifugo ambayo haikuwa yao tena, na kufunga mizigo bila kujua wanakwenda wapi. Tarehe 10 Septemba, Winslow akihofia maasi, aliamuru vijana watangulizwe melini. Vijana walikataa kwenda bila baba zao. Askari wakaweka singe kwenye bunduki zao, na Winslow akamshika mmoja wao mkono akamwamuru atembee. Njia ya kutoka kanisani hadi majini ilikuwa ya zaidi ya maili moja, na pande zake zote mbili wanawake na watoto walisimama wakilia, wakiomba, na kuimba nyimbo za dini yao.

Upakiaji wa familia ulianza tarehe 8 Oktoba. Akina mama walibeba watoto mikononi. Wengine waliwasukuma wazazi wao vikongwe katika mikokoteni. Hesabu iliyowekwa ilikuwa watu wawili kwa kila tani ya meli, na hesabu hiyo ilivukwa. Winslow alikuwa ameahidi kwamba familia zitakwenda pamoja katika meli moja. Bila shaka alikusudia iwe hivyo. Lakini meli zilikuwa chache, haraka ilikuwa kubwa, na kwa Waakadia familia haikuwa baba, mama na watoto peke yao. Ilikuwa na babu, shangazi, wakwe na binamu. Wengi waliachana pwani wakidhani watakutana baada ya siku chache, na hawakuonana tena.

Mmoja wao alikuwa mzee René LeBlanc, mwandishi wa hati za watu. Alikuwa ameitumikia serikali ya Uingereza kwa uaminifu, hata akashikwa na kufungwa na maadui wa Uingereza kwa sababu hiyo. Utumishi wake haukumfaa kitu. Waakadia waliofikishwa Philadelphia walieleza katika ombi lao kwa mfalme kwamba mzee huyo aliteremshwa New York akiwa na mkewe na watoto wawili wadogo tu, ilhali alikuwa na watoto 20 na wajukuu wapatao 150. Alisafiri akiwatafuta, akawapata watatu Philadelphia, akafia huko.

Meli zilipong'oa nanga mwishoni mwa Oktoba, zaidi ya watu 2,000 walikuwa wameondolewa katika vijiji vya eneo hilo. Nyuma yao moshi ulipanda. Zaidi ya nyumba 250 za vijiji hivyo zilitiwa moto, ili yeyote aliyejificha msituni asiwe na pa kurudi kabla ya baridi. Mwaka ule pekee waliondolewa watu 6,000 au zaidi kutoka Akadia nzima. Kazi iliendelea hadi 1763, na jumla yao ikapita 10,000. Maelfu walikufa kwa ndui, kwa njaa, na kwa kuzama. Mwezi wa Desemba 1758, meli ya Duke William iliyokuwa ikiwapeleka Ufaransa ilizama ikiwa na mamia yao.

Makoloni yaliyowapokea hayakuwa yameulizwa. Massachusetts iliwagawa katika miji yake, na watoto wao wakachukuliwa wakatumikishwe katika nyumba na mashamba ya wengine. Wazazi waliandika maombi kwa serikali ya koloni wakilalamika kwamba kunyang'anywa watoto kumewauma kuliko kunyang'anywa ardhi. Virginia ilikataa kabisa kuwapokea zaidi ya watu 1,000; walisukumwa hadi Uingereza, wakazuiliwa katika miji ya bandari kama vile Liverpool na Southampton kwa miaka saba, kisha wakapelekwa Ufaransa, nchi ya mababu ambayo wao hawakuijua. Watu 232 walipata bahati nyingine: waliinyang'anya meli ya Pembroke kutoka kwa mabaharia wake, wakaigeuza, wakarudi kujificha misituni. Wengi waliojificha waliokolewa na watu wa Mi'kmaq waliowapa chakula na kuwaonyesha njia.

Na mashamba je? Mwezi wa Novemba 1759 tufani kubwa ilikuja pamoja na bamvua, ikayavunja matuta. Walowezi wapya walioletwa kutoka New England mwaka 1760 walipewa ardhi nzuri, lakini hawakujua kuizuia bahari. Basi serikali ikawatoa Waakadia waliokuwa wafungwa katika ngome ya jirani, ikawaleta wayatengeneze matuta. Wenye shamba walirudi kwenye shamba lao wakiwa vibarua walio chini ya ulinzi, wakawafundisha kazi wale waliopewa mali yao. Katika habari yote hii hatujaona picha iliyo chungu kuliko hiyo.

Mwaka 1764 waliruhusiwa kurudi kwa masharti mawili: waape, na wakae vikundi vidogo vidogo vilivyotengana. Wengine walirudi kwa miguu kutoka makoloni ya kusini, safari ya miezi. Walikuta Grand-Pré ina wenyewe wapya, wakapita, wakaenda kuanza upya kwenye fukwe zenye mawe. Wengine walielekea Louisiana. Mwaka 1765 Joseph Broussard, aliyeitwa Beausoleil, aliongoza kundi la kama watu 200 hadi huko, na mwaka 1785 meli saba zikaleta wengine wapatao 1,600 kutoka Ufaransa. Kwa wajukuu wao jina la Cadien likageuka kuwa Cajun, na lahaja yao, mapishi yao na muziki wao wa fidla vinajulikana duniani kote leo.

Mgeni wa Grand-Pré leo huona kanisa dogo la mawe lililojengwa mwaka 1922 kuwa kumbukumbu, miti mikuukuu, kisima, na sanamu ya mwanamke anayegeuza uso kutazama nchi anayoiacha. Mwanamke huyo ni Evangeline, ambaye hakuwahi kuishi. Ni mhusika wa utenzi wa Mmarekani Henry Wadsworth Longfellow uliotoka mwaka 1847. Miaka zaidi ya 130 baadaye, mwandishi Antonine Maillet, binti wa Akadia mwenyewe, aliandika riwaya ya Pélagie-la-Charrette, juu ya mjane anayewarudisha watu wake nyumbani kwa mkokoteni, nayo ikashinda Tuzo ya Goncourt mwaka 1979. Evangeline alingoja na kutafuta. Pélagie alifunga ng'ombe akaanza safari. Twaamini kwamba wanawake wengi wa Akadia walikuwa zaidi kama Pélagie, maana vinginevyo wasingebaki watu wa kusimulia.

Mwezi wa Desemba 2003 tangazo la kifalme lilikiri mateso yaliyowapata Waakadia na kuifanya tarehe 28 Julai kuwa siku ya kuyakumbuka kila mwaka. Tangazo hilo hilo lilisema wazi kwamba halileti dai lolote la kisheria wala la fedha. Mwaka 2012 mandhari ya Grand-Pré iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Watu wa Mi'kmaq wangali wapo, na wao wana madai ya ardhi ya tangu kabla ya tuta la kwanza; haki haitakuwa kamili ikiwa kumbukumbu ya waliofukuzwa itafunika kumbukumbu ya waliotangulia.

Wanasiasa wa Halifax walikusudia kuwatawanya Waakadia hadi wasahaulike. Lakini huwezi kumsahaulisha mtu nasaba yake ikiwa nyanya yake humtajia kila jioni. Walipofika Georgia, Nantes au Louisiana, hawakuwa na hati ya shamba, wala kanisa, wala kaburi la kuzuru. Walikuwa na majina: huyu ni wa nani, wa nani, wa nani, na aliolewa wapi, na dada yake alipanda meli ipi. Kwa majina hayo watu wa koo zilizotengana waliweza kutafutana, na wajukuu wao hukusanyika hadi leo kutoka nchi mbalimbali katika mkutano mkubwa wa koo za Akadia.

Sisi nasi tuna wazee wanaozikumbuka nasaba kwa kichwa, na tuna ahadi nyingi za ardhi zilizosemwa kwa mdomo mbele ya mashahidi waliokwisha kufariki. Ziandikwe zote mbili, kwa kalamu, zikiwa bado na wa kuzisema.